Muhogo wa Jang'ombe: Sauti ya Bi Kidude na Swali la Mwenye Wimbo

Katika kuhakiki ushairi wetu wa Kiswahili, wataalamu wengi wamezoea kuliweka shairi mezani likiwa limekwisha andikwa, wakalipima kwa vina na mizani, kisha wakalipembua neno kwa neno. Njia hii ina faida yake, wala si nia yangu kuibeza. Lakini yako mashairi ambayo njia hii huyapunja. Nayo ni yale yaliyozaliwa kinywani na kulelewa masikioni, ambayo hayakuingia katika karatasi ila kwa bahati. Miongoni mwao ni nyimbo za taarabu za Ng'ambo ya Unguja.

Makala haya yanazitazama nyimbo chache za namna hiyo kama zilivyoimbwa na marehemu Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, katika sahani yake iitwayo Zanzibar, iliyotolewa na RetroAfric ya London. Nimeuchagua hasa wimbo wa "Muhogo wa Jang'ombe", kwa kuwa ndio uliofungamana na jina lake kuliko nyingine zote, na kwa kuwa ndio unaotupa swali gumu kuliko zote. Ninalotaka kulithibitisha ni hili: katika ushairi wa kuimbwa, mwimbaji ni sehemu ya maana, si chombo cha kuichukulia tu, na mhakiki aiachaye sauti nje ya hesabu yake ameiacha nje nusu ya shairi.

Yafaa kwanza tujiulize sahani ya mwimbaji mmoja ni kitu gani. Katika taarabu ya Unguja jambo hili si la asili. Taarabu ni mali ya chama. Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa ni udugu kabla ya kuwa kikundi cha wapigaji, na jina lake lenyewe lashuhudia hivyo. Wimbo ulitambulikana kwa chama chake. Aghalabu mtunzi wa maneno alikuwa mmoja, mwenye kuyatia muziki mwingine, na mwimbaji wa tatu. Mwimbaji akiinuka huimba kwa ajili ya chama, na akiisha kukaa chama huendelea na mwingine.

Sahani yenye jina la mtu mmoja juu ya jalada ni desturi iliyotoka katika soko la santuri la nchi za Magharibi. Imestawi sana katika muziki wa soul na funk wa watu Weusi wa Marekani, ambako mwimbaji aliyekuwa ndani ya kundi hujitenga, akatoa sahani yake mwenyewe, na watu wakainunua kwa jina lake. Basi mtu akiishika mkononi sahani ya Bi Kidude ana haki ya kuuliza: katika haya niyasikiayo, lipi ni lake? Maneno mengi si yeye aliyeyatunga. Lahani zake alizirithi. Ala zapigwa na wengine. Tukiyaondoa yote hayo, kinachobaki ni nini?

Muziki huo huo wa soul waweza kutusaidia kujibu. Mwaka 1965 Otis Redding aliimba wimbo wake uitwao "Respect", yaani heshima. Katika kinywa chake ulikuwa wimbo wa mwanamume arudiye nyumbani na fedha zake, akimtaka mwanamke wake amtukuze. Mwaka 1967 Aretha Franklin, binti wa mchungaji wa Detroit, aliuchukua wimbo huo akauimba upya. Aliongeza mambo machache: aliitaja moja moja kila herufi ya neno lile, na waitikiaji wa kike wakampokea. Lakini msingi wa maneno ulibaki ule ule. Kilichogeuka ni mdai na mdaiwa. Dai la mwanamume likawa dai la mwanamke. Na kwa kuwa ilikuwa ni miaka ya kupigania haki za watu Weusi, wengi walilisikia kuwa ni dai la umma mzima. Leo watu huutaja wimbo huo kuwa ni wa Aretha. Hawafanyi hivyo kwa kumdhulumu Redding, bali kwa sababu maana waijuayo ni ile aliyoileta yeye. Hapa twaona kwamba mtu asiyetunga aweza kuwa mwenye wimbo, na kwamba umiliki wake haumo katika maneno bali katika kuyasema yeye.

Tukirudi Unguja, mfano wa jambo hilo tunao karibu, nao ni mlolongo uliotoka kwa Siti binti Saad mpaka kwa Bi Kidude. Siti alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akaingia mjini mwaka 1911, akaifanya taarabu, ambayo kabla yake ilikuwa ya Kiarabu na ya majumba makubwa, iseme Kiswahili na iseme habari za watu wa Ng'ambo. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wake walisafiri kwenda Bombay kutiwa katika santuri, na sahani zake zikaenea pwani yote. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Ni jambo la kuzingatia kwamba mwandishi wetu mkubwa alimwona mwimbaji wa kike, aliyekuwa mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu, kuwa anastahiki kitabu katika fasihi yetu.

Sahani za wakati wa Siti zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kiasi cha dakika tatu. Wimbo ambao barazani ungeendelea mpaka wasikilizaji watosheke ulilazimika kukatwa ukaingia katika nafasi hiyo. Sahani ya siku za Bi Kidude hubeba saa nzima na zaidi, na mwimbaji ana uwezo wa kulirudia neno, kuliacha lining'inie, na kulirudia tena. Tofauti hii si ya mitambo peke yake. Katika dakika tatu mwimbaji hutoa ubeti. Akiwa na nafasi hutoa pia mashaka yake juu ya ubeti huo. Anayezilinganisha sauti hizi mbili bila ya kukumbuka jambo hili atamdhania mmoja kuwa mkavu na mwingine kuwa mwingi wa maneno, hali kila mmoja aliitumia nafasi aliyopewa.

Bi Kidude alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, binti wa mwuza nazi, na mwaka wa kuzaliwa kwake haujulikani kwa hakika. Alijifunza hasa kwa kusikiliza. Alizizunguka nchi za bara kwa miguu na pwani kwa vyombo, akarejea Unguja katika miaka ya 1940. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na tarehe 17 Aprili 2013 akafariki dunia. Haya yote yamekwisha simuliwa mara nyingi. Mambo mawili katika maisha yake ndiyo yanayotuhusu katika uhakiki huu. La kwanza, alikuwa kungwi, akiwafunda wanawali katika unyago na kuipiga ngoma ya msondo kwa mikono yake mwenyewe. La pili, hakujaaliwa kupata mtoto. Msomaji ayaweke akilini mambo haya mawili, kwa maana tutayahitaji punde.

Sasa tuutazame wimbo wenyewe. Jang'ombe ni mtaa wa Ng'ambo, upande wa pili wa ule mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na mitaa ya watu wa kawaida. Mkono huo umekwisha fukiwa, na ukumbusho wake ni jina la Darajani. Jang'ombe ya leo ni mtaa wa nyumba zilizobanana, watoto wa mpira, na vichochoro vya mchanga. Hapana konde la muhogo la kutajwa katika wimbo. Lakini jina la wimbo limeubakiza muhogo pale pale, na pengine wako wasikilizaji wengi wa mbali wasioijua Jang'ombe ila kwa muhogo wake.

Muhogo si chakula cha karamu. Ni chakula cha asubuhi, cha kuchemshwa au kupikwa kwa nazi, na ni chakula cha mwenye kuhesabu senti zake. Mtunzi aliyetaka utukufu angalitaja wali au pilau. Aliyechagua muhogo, tena akautaja kwa mtaa wake, alitaka kusema habari ya mjini upande wa Ng'ambo, kwa lugha ya jikoni ya Ng'ambo. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya maana, nayo yapatikana bila ya sauti.

Hatua ya pili ni mwiko. Msemaji wa wimbo anakana: chakula hicho hajakionja, hata kwa kiasi cha kile kilichosalia juu ya mwiko. Kila ajuaye Kiswahili anajua kwamba mwiko ni chombo cha kupikia, na kwamba mwiko pia ni jambo lililoharimishwa. Neno moja linachukua jiko na sheria kwa pamoja. Msikilizaji anayetaka kusikia chakula atasikia chakula; anayetaka kusikia kilichokatazwa atakisikia hicho, wala hataweza kumshitaki mwimbaji kwa neno lolote alilolitamka.

Hatua ya tatu ndiyo inayoshangaza. Kutoka katika muhogo na mwiko, wimbo warukia ghafula methali ijulikanayo na wote, ile inayomwonya mtu asiwatukane wakunga maadamu uzazi ungalipo. Baina ya nusu ya kwanza na nusu ya pili hapana kiungo kilichosemwa. Muhogo una nini na wakunga? Mhakiki wa mezani ana njia mbili. Aweza kusema kwamba vipande viwili hivi vimeunganishwa kwa mizani na vina tu, kama ilivyo katika nyimbo nyingi za ngoma, ambazo nusu ya kwanza huwa ni ngazi ya kupandia nusu ya pili. Au aweza kukitafuta kiungo katika mwili: chakula ni fumbo la tendo, tendo lazaa mimba, mimba yataka mkunga. Kwa njia hii wimbo wote huwa onyo kwa yule anayekana leo kile atakachokihitaji kesho.

Tafsiri hizi mbili zote zina nguvu, na wala si haki kuifuta moja kwa ajili ya adabu au kwa ajili ya utundu. Wako walimu wanaoupitisha wimbo huu mbele ya wanafunzi kama kwamba ni habari ya mboga, na wako wasikilizaji wanaoucheka tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Wote wawili wanaupunguza. Fumbo lililo zuri ni lile ambalo maana yake ya juu ni ya kweli kama maana yake ya chini, na muhogo huu ni muhogo kweli.

Lakini karatasi yatufikisha hapo tu. Haiwezi kutwambia ni nani anayekana, wala ni nani anayeonya. Hapo ndipo sauti inapoingia.

Tuchukue kwanza mwimbaji kijana. Kijana akisema kwamba hajaonja, kauli yake yaweza kuwa kweli, na yaweza kuwa kiburi cha ujana. Akiisha kutaja wakunga, onyo lake ni la mtu aliyelisikia kwa wakubwa, analikariri. Sasa mwanamke mzee, kungwi wa miaka mingi, asimame aseme maneno hayo hayo. Anaposema hajaonja, watu watacheka, kwa kuwa yeye ndiye mwalimu wa somo hilo. Kukana kwake ni mzaha wa mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Wala hicho si kicheko cha bure, maana katika unyago ndivyo mambo yanavyofundishwa: kwa jambo kufunikwa kwa jambo, mpaka mwanafunzi alifunue mwenyewe. Bi Kidude anapouimba wimbo huu anaufanya uwe darasa.

Kisha tuje kwa wakunga. Methali hii husemwa kwa kawaida na mtu wa kati, anayemshauri mwenzake atunze ulimi. Katika kinywa cha Bi Kidude msemaji amehama. Yeye yu upande wa wakunga. Kungwi na mkunga ni wanawake wa kazi moja ya kuulinda mlango wa uzazi, mmoja kabla na mmoja baadaye. Na wote wawili watu huwahitaji usiku na kuwadharau mchana. Kungwi apigaye ngoma hadharani, avutaye sigara na kusema yasiyosemwa, hakukosa kunong'onwa na wenye staha. Kwa hiyo onyo analolitoa ni la mwenye kutukanwa, si la mshauri. Na tukikumbuka kwamba yeye mwenyewe hakuzaa, maneno yale yanazidi kuwa mazito. Hapa anasimama mtu ambaye uzazi haukuwa fungu lake, akiulinda uzazi wa wengine, na akidai heshima kwa kazi hiyo. Haidai kwa kubembeleza. Dai lake, kwa namna yake, ni ndugu wa lile la Aretha.

Maana hii haimo katika maneno. Mtunzi wa kwanza, awaye yote, hakuiweka humo. Wala haimo katika habari za maisha ya Bi Kidude tukizisoma peke yake. Imezaliwa maneno na mtu vilipokutana, na santuri ikaihifadhi.

Juu ya sauti yenyewe yapo mengi ya kusema. Kipimo cha uzuri wa sauti katika taarabu ya vyama vikubwa ni ulaini. Mwimbaji husifiwa kwa koo lililo laini kama uzi wa hariri, apandaye na kushuka pamoja na fidla bila ya kuonekana mshono. Kwa kipimo hicho Bi Kidude hupoteza. Sauti yake ni nzito, ina mchanga ndani yake, na katika uzee ilishuka chini mpaka msikilizaji mgeni aliweza kudhani ni ya mwanamume. Huisukuma sauti mbele ya ala, haiambatanishi nazo. Wako waliosema, kwa nia njema, kwamba thamani yake ni ya ukumbusho tu, si ya usanii.

Nadhani kosa liko katika kipimo. Katika muziki wa soul hapana anayemtaka mwimbaji awe laini kila wakati. Mkwaruzo wa koo, pumzi inayosikika, na neno linalokatika katikati huhesabiwa kuwa ni ushahidi kwamba jambo linalosemwa limepita katika mwili wa msemaji. Katika funk, hasa tangu siku za James Brown, ala zote, hata gitaa na tarumbeta, hupigwa kama kwamba ni ngoma, na mwimbaji naye hulitupa neno juu ya pigo badala ya kulirefusha. Simaanishi kwamba Bi Kidude alijifunza kutoka Marekani. Hakuwa na haja. Namaanisha kwamba kule pia sauti ya ngoma na sauti ya ibada zilikutana katika koo moja, na kwa hiyo masikio yaliyozoea muziki ule yanaweza kutuonyesha tulichokuwa nacho nyumbani. Bi Kidude aliimba kama mpigaji wa msondo. Neno lake huangukia pale mkono ungeangukia. Huacha pengo mahali ambapo mwimbaji wa hariri angelijaza, na katika pengo hilo msikilizaji husubiri. Neno "wakunga" likija baada ya pengo kama hilo huja na uzito wa pigo. Asiyeipenda sauti hiyo ana ruhusa. Lakini asiseme haina usanii.

Ushahidi wa pili ni wimbo wa "Kijiti", ambao Siti aliuimba kabla yake. Wimbo huu unatokana na tukio la kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alikwenda ngomani pamoja na wenyeji wake, akadhulumiwa na kuuawa na mwanamume wa jina hilo, naye muuaji akakimbilia bara, na mahakamani lawama zikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya maisha ya watu wa Unguja, ameonyesha jinsi wimbo ulivyokuwa hukumu ya Ng'ambo juu ya hukumu ya mahakama. Siti alipouimba, tukio lilikuwa bichi. Wasikilizaji waliyajua majina na nyumba. Hakuhitaji kulia. Alihitaji kutaja, na kutaja kulikuwa ni ushujaa.

Bi Kidude aliuimba hali mashahidi wamekwisha kufa. Msikilizaji wake hamjui Kijiti, wala hajui kesi. Kwa hiyo wimbo haukuweza tena kuwa habari. Ulilazimika kuwa kitu kingine. Katika sauti yake nzito umekuwa usia: kungwi anawaambia wasichana jambo lililompata mwenzao, ili wajue wanaume wa namna gani wamo duniani na mahakama za namna gani. Maneno hayajageuka sana. Wakati umegeuka, na mwimbaji akaujua wakati wake.

Mwaka 2020 alikuja wa tatu. Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa sahani yake Siti of Unguja kwa mkono wa On the Corner ya London, na "Kijiti" imo. Kazi ya kuupanga muziki ilimshirikisha Mohamed Issa Matona, fundi wa fidla na mwalimu wa taarabu wa Unguja. Sahani hii imeongeza besi nzito na ala za kupulizwa za jazi juu ya zile za taarabu. Baadhi ya wapenzi wa mambo ya kale hawakuridhika, lakini mimi naona kwamba katika "Kijiti" uzito wa chini una kazi: hadithi ya mauaji yasimuliwa juu ya ardhi inayotetema, na sauti nyororo ya mwimbaji inakuwa kama mtu apitaye peke yake usiku. Udhaifu wake ni kwamba mahali pengine ala hutanda hata neno likafifia, na katika wimbo ambao nguvu yake ni kutaja, neno likififia hukumu hufifia nalo. Hata hivyo msikilizaji aliyezisikia zote tatu amesikia habari, usia, na maombolezo, kutoka katika maneno ya shina moja. Hakuna kitabu kingeweza kumfunza hivyo.

Yapo mambo ya kulaumiwa katika namna sahani za Bi Kidude zilivyopokewa, nami sitayanyamazia. La kwanza ni sifa ya umri. Magazeti ya nje yalimtangaza kama mwimbaji mzee kuliko wote duniani, na hapa nyumbani tukaipokea sifa hiyo kwa fahari. Lakini kumsifu mtu kwa miaka yake ni njia ya heshima ya kukataa kumhakiki. Anayestaajabu kwamba bibi wa miaka mingi angali akiimba hataulizwa ameimba nini, wala ameimbaje.

La pili ni jina la sahani. Kuiita Zanzibar ni kumfanya mtu mmoja kuwa kisiwa kizima. Soko la ugenini hupenda hivyo, kwa kuwa ni rahisi kuuza kisiwa kuliko kumweleza mtu. Lakini nguvu za Bi Kidude, kama tulivyoona, zatokana na kuwa mtu fulani, wa kazi fulani, mwenye historia fulani, akiutaja mtaa mmoja na chakula kimoja. Jina la wimbo lina busara kuliko jina la jalada.

Huenda msomaji akatoa pingamizi la haki, akasema: ikiwa kila mwimbaji huleta maana yake, basi shairi lenyewe liko wapi? Je, hatutaishia kusema kwamba wimbo ni chochote ambacho yeyote anataka? Najibu kwamba hapana. Bi Kidude hakuwa huru kuyafanya maneno yaseme atakalo. Muhogo ulimbana, mwiko ulimbana, na methali ya wakunga ilimbana zaidi, kwa kuwa kila msikilizaji aliijua kabla yake. Uhodari wake ni kwamba ndani ya mipaka hiyo alipata mahali pa kusimama ambapo hapajasimamwa. Shairi ni uwanja, nao una mipaka. Lakini uwanja mtupu haujawa mchezo. Sheikh Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi za mwaka 1954, aliufunga ushairi na wimbo, akashikilia kwamba shairi lisiloimbika lina kasoro. Sisi tumelichukua fundisho lake la vina na mizani, tukaliacha hili la kuimba. Kama shairi ni wimbo, basi mwimbaji hawezi kuwa nje ya elimu ya shairi.

Jambo hili si la kinadharia tu. Waliozisikia nyimbo hizi zilipoimbwa mara ya kwanza wamekwisha ondoka, na waliofundwa na makungwi waliojua mafumbo yake wanaondoka mmoja mmoja. Katika diwani zetu nyimbo hizi zimo chache, na zile zilizomo zimewekwa kama maiti: maneno pasi na pumzi, mara nyingi pasi na jina la aliyeziimba. Sahani zipo, na kanda za redio zipo, lakini katika mitihani yetu hazitajwi. Mwanafunzi aweza kuhitimu masomo ya ushairi wa Kiswahili bila ya kuwahi kuombwa asikilize.

Napendekeza basi mambo mawili, nayo ni mepesi. Kila wimbo unaochapishwa katika mikusanyo yetu uandikwe pamoja na jina la mwimbaji na sahani au kanda ulikotolewa, na zikiwa zipo sauti mbili au tatu, zote zitajwe. Na kila mwanafunzi anayepewa wimbo wa taarabu kuuhakiki aulizwe, kabla ya vina na mizani, maswali haya: nani anasema, kwa nani, na kwa sauti gani? Aanze na "Muhogo wa Jang'ombe". Ausikilize kwanza bila ya karatasi, kisha auandike, kisha ausikilize tena, aone ni kiasi gani cha maana alichokiacha alipokuwa akiandika.